Nani ameinyamazisha sauti ya uwanjani?

Jumapili moja, si zamani sana, nilifunga safari kwenda kutazama mechi ya ligi kuu ya taifa letu. Sitautaja uwanja wala timu zilizokuwa zikipambana, kwa maana yaliyonikuta huko yangeweza kunikuta katika viwanja vingi vya nchi hii. Nililipa kiingilio, nikapanda ngazi, nikaketi. Nafasi zilikuwa tele, nami nikachagua penye kivuli. Muda si muda kipenga kikalia, gozi likaanza kusakatwa, na hapo ndipo nilipong'amua jambo lililonitia simanzi. Nilikuwa nikisikia kila kitu. Nilimsikia kocha akimkaripia beki wake wa kushoto. Nilisikia kiatu kikigonga mpira. Nilimsikia hata mwamuzi akimwonya nahodha apunguze maneno. Hatua chache kutoka nilipoketi alikuwapo kijana aliyevaa jezi ya klabu moja ya London, ameinamia simu yake. Nilinyoosha shingo, nikaona kwamba alikuwa akitazama mechi ya Uingereza. Kijana wa watu amelipa aingie katika uwanja wa kwao, kisha akatazama uwanja wa wenzake!

Msomaji mpendwa, uwanja wa kandanda ambamo shabiki anaweza kumsikia kocha ni uwanja mgonjwa. Mpira wa miguu haukukusudiwa utazamwe kwa ukimya kama mtihani. Wachezaji ni 22, lakini mechi huchezwa na watu maelfu: wanaoimba, wanaopiga ngoma, wanaobishana, wanaolia na kukumbatiana na watu wasiowajua. Zile nderemo na vifijo ndizo roho ya mchezo. Zikiondoka, kilichobaki ni zoezi la viungo.

Swali ambalo ningependa tulitafakari pamoja, hasa sisi walimu na wanafunzi, ni hili: sauti hiyo imekwenda wapi? Na je, ni nani aliyeinyamazisha?

Niruhusuni nianze na yale niliyoyaona kwa macho yangu. Katika miaka ya 1980 mjomba wangu alikuwa akiishi mtaa wa Makongeni, Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka City Stadium. Likizo za shule nilizipitisha kwake. Mjomba alikuwa shabiki sugu wa AFC Leopards, yaani Ingwe. Mkewe alitoka upande wa pili wa ziwa na milima, na ndugu wa huyo mkewe alikuwa wa Gor Mahia, damu na nyama. Siku ya pambano la watani hao wawili, shemeji huyo alifika nyumbani asubuhi, akanywa chai na mjomba, wakatupiana vijembe mpaka mkaza mjomba akawafukuza sebuleni. Waliondoka nyumbani pamoja, wakaagana langoni, kila mmoja akaenda upande wa watu wake. Jioni walirudi pamoja wakala sahani moja, aliyeshindwa akiwa hana la kusema. Haikuwa bure pambano hilo likaja kuitwa pambano la mashemeji.

Sisi watoto hatukuwa na pesa za kiingilio. Ulichofanya ni kusimama langoni ukamtazama mtu mzima usiyemjua, ukamwomba, "Mzee, nishike mkono." Naye akakushika, akamwambia bawabu, "Huyu ni wangu," mkaingia. Mle ndani hukupotea, kwa sababu kila aliyekuzunguka alikuwa mzazi wako mpaka mechi iishe. Upande wa Ingwe ilirindima isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kadiri na ndogo, ambazo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Upande wa Gor zilivuma nyimbo na pembe. Asiyeweza kufika uwanjani aliegemeza sikio redioni, ambako marehemu Leonard Mambo Mbotela alikuwa ametufundisha, tangu enzi za Joe Kadenge, kwamba mpira unaweza kuonekana kwa masikio. Msemo wake wa "Kadenge na mpira" ulikuwa midomoni mwa watoto ambao hawakuwahi kumwona Kadenge akicheza.

Na mwaka wa 1987, nikiwa na umri wa miaka 11, nilishuhudia jambo ambalo sijalisahau. Gor Mahia ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza, kule Tunis, ilikuwa imemalizika kwa sare ya 2-2. Marudiano yalifanyika Kasarani, katika uwanja uliokuwa mpya kabisa, na matokeo yakawa 1-1. Gor ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Siku hiyo mjomba, shabiki wa Ingwe tangu ilipokuwa ikiitwa Abaluhya, alivaa fulana ya kijani aliyoazimwa na shemeji yake, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwa mkato: "Leo hakuna shemeji. Leo ni kwetu."

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba enzi hizo zilikuwa peponi. Nyimbo nyingine zilikuwa za matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wanawake walikuwa wachache majukwaani, na waliokuja walivumilia mengi. Fujo zilikuwapo. Vilevile kuna wasemao kwamba hamasa ile ilikuwa ya ukabila tu, na kwamba ni heri ilivyofifia. Mnamo 1980 serikali iliamuru vyama na klabu ziache majina ya kikabila, na ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards. Hoja hiyo nimeitafakari sana. Jibu langu ni kwamba uwanja ulikuwa mahali pachache ambapo makabila yetu yaliweza kushindana kwa dakika 90, kisha wakapanda basi moja kurudi nyumbani. Ushindani huo ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo iliwekwa na ndoa, ujirani na kazi. Tumeiacha shule hiyo ya utani, na sidhani kwamba ukabila umepungua kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ukiwauliza watu kumi kwa nini viwanja vimenyamaza, tisa watakwambia ni runinga. Watasema kwamba tangu miaka ya 1990, dishi za setilaiti zilipoanza kuenea na ligi kuu ya Uingereza iliyoundwa mwaka wa 1992 kuletwa mpaka vijijini, Mkenya amepata mpira bora zaidi kwa bei ya soda moja katika ukumbi wa video. Jumamosi mechi za Uingereza huchezwa nyingi kwa pamoja saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, na nyingine zikatangulia mchana. Ni nani basi atakayeacha hayo akakae juani?

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haikamiliki. Tazameni majirani zetu Watanzania. Wao pia wana runinga, na wana wapenzi wa klabu za Uingereza waliojaa tele. Hata hivyo Yanga, iliyozaliwa mwaka wa 1935, na Simba, iliyoifuata mwaka wa 1936, zinapokutana Dar es Salaam, Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye nafasi 60,000 hufurika. Kabla ya msimu kuanza, kila klabu hufanya sherehe ya kuwatambulisha wachezaji wapya, na watu hujaa kutazama hata mechi ya kirafiki. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho barani Afrika mwaka wa 2023, na Simba ikafika fainali hiyohiyo mwaka wa 2025. Ligi yao huonyeshwa katika runinga wiki baada ya wiki, na kuonyeshwa huko kumewaongezea hamu ya kwenda uwanjani. Kwa hiyo, kama runinga ndiyo muuaji, mbona imeua huku ikaacha kule?

Ninavyoona mimi, runinga haikutunyang'anya kutoka uwanjani. Ilituokota tulipokuwa tumeachwa njiani. Tuliachwa na nani? Hapo ndipo pa kuchimba.

Kwanza tuliachwa na usalama. Mnamo Oktoba 2010, siku ya pambano la mashemeji katika Uwanja wa Nyayo, watu 7 walikufa katika msongamano langoni. Saba! Walikuwa wameondoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Msiba kama huo haufutiki katika kumbukumbu za wazazi. Tena si misongamano peke yake. Kila jiwe lililorushwa kwa sababu ya bao lililokataliwa lilimfukuza mtu mmoja asiyerudi tena, na mara nyingi huyo alikuwa mtu mwenye mtoto mkononi.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliokimbia. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mlezi wa chama cha kandanda katika shule niliyokuwa nikifundisha, niliwapeleka wanafunzi wangu kutazama mechi ya ligi. Walikuwa wameweka akiba ya nauli muhula mzima. Dakika chache kabla ya mechi kumalizika mwamuzi alitoa penalti, na mawe yakaanza kuruka. Nilipiga kelele walale chini. Mvulana wa kidato cha pili hakuwahi. Jiwe lilimpasua juu ya jicho. Jioni hiyo tulikuwa zahanatini akishonwa, mama yake akaja. Hakunitukana wala hakupaza sauti. Alimtazama mwanawe, akanitazama, akasema, "Mwalimu, nilikupa mtoto mzima." Jicho lilipona na kovu likabaki. Tangu siku hiyo sikumpeleka mwanafunzi mwingine yeyote uwanjani, wala mimi mwenyewe sikurudi mpaka ile Jumapili niliyoisimulia. Kwa hivyo ninapouliza nani ameinyamazisha sauti ya uwanjani, jina langu pia limo katika orodha.

Pili, tuliachwa na nyumba zetu. Klabu ni kama kanisa au msikiti: lazima waumini wajue iko wapi na ibada ni saa ngapi. Kwetu viwanja hufungwa kwa ukarabati na kukaa hivyo. Mwaka wa 2017 Nyayo ilifungwa ili itengenezwe kwa ajili ya michuano ya CHAN ya 2018. Mnamo Septemba mwaka huohuo Kenya ikapokonywa uenyeji kwa kuwa matayarisho yalichelewa, na uwanja ukaendelea kufungwa kwa miaka. Timu za Nairobi zikawa wakimbizi, leo Machakos, kesho Thika. Shabiki wa Kaloleni au Makongeni, ambaye zamani alitembea kwa miguu mpaka City Stadium, akatakiwa atafute nauli ya kwenda na kurudi, tena siku ya kazi, saa tisa alasiri. Mara kwa mara ratiba ilibadilishwa usiku wa kuamkia mechi. Mapenzi huvumilia mengi, lakini hata mpenzi mvumilivu huchoka kungoja mahali ambapo mwenzake hatokei.

Tatu, na hili ndilo naliona kuwa zito kuliko yote, klabu zenye watu hazina pesa, na klabu zenye pesa hazina watu. Tazameni majina ya timu zetu za ligi kuu kwa miaka mingi: Tusker ya kampuni ya bia, Ulinzi Stars ya jeshi, Bandari ya mamlaka ya bandari, KCB ya benki, Kenya Police ya polisi. Hizi ni timu za heshima. Huwalipa wachezaji mishahara, huwapa hata ajira baada ya kustaafu. Ulinzi ilitwaa ligi mara 3 mfululizo kuanzia 2003, kisha tena 2010. Polisi waliitwaa msimu wa 2024/25. Lakini ni nani aliyezaliwa shabiki wa benki? Ni mtoto gani aliyerithi mapenzi ya mwajiri wa mtu mwingine? Timu mbili za aina hiyo zinapokutana, mechi inaweza kuwa safi kama maji ya kisima na bado majukwaa yakawa matupu.

Upande wa pili ziko klabu za wananchi, Gor na Ingwe zikiwa kileleni. Hizo zina watu sufufu, lakini wachezaji wao wamegoma mara si haba kwa kukosa mishahara. Gor Mahia ilitwaa ligi mwaka wa 1995, kisha ikangoja mpaka 2013. Ingwe iliitwaa mwaka wa 1998, ikakaa zaidi ya robo karne bila kuigusa tena. Miji yetu mingine ilikuwa na klabu zake pia. Nakuru All-Stars ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka wa 1963, na Feisal ya Mombasa ikawa bingwa mwaka wa 1965. Leo mwulize mwanafunzi wa Nakuru au Mombasa juu ya timu hizo uone atakavyokodoa macho. Ligi ambayo kikapu chake cha pesa kiko mkono huu, na kikapu cha watu mkono ule, haiwezi kuwa na sauti. Sauti hutoka pale vikapu viwili vinapokutana.

Nne, tuliachwa na viongozi. Shirikisho la kandanda ulimwenguni, FIFA, liliifungia Kenya mwaka wa 2004, likaifungia tena 2006, na tena mnamo Februari 2022, adhabu iliyodumu mpaka Novemba mwaka huo. Mnamo 2017 mzozo kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18 ulichangia kuifanya SuperSport, iliyokuwa ikizionyesha mechi za ligi yetu katika runinga, iondoke. Ajabu ya mambo ni hiyo! Runinga tunayoilaumu iliwahi kuja kututazama sisi, nasi tukaifukuza kwa ugomvi wetu. Wadhamini wakaja na kuondoka kama wageni wa harusi isiyo na chakula.

Tano, ilikuja kamari. Katika miaka ya 2010 kamari ya simu ilienea kama moto wa nyika. Mcheza kamari hutazama mpira, lakini hana timu. Ameweka shilingi zake katika mechi 10 za nchi 6, na furaha yake hukatika pale bao la dakika ya mwisho linapoharibu orodha yake. Huyo hawezi kuimba, kwa maana hana wa kumwimbia. Vilevile kamari ilileta shaka uwanjani. Mnamo Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji 4 waliokuwa wakicheza katika ligi yetu kwa kosa la kupanga matokeo, mmoja wao maisha. Shabiki akishaanza kujiuliza kama kipa ameteleza au ameuza, mdomo hufumba wenyewe. Huwezi kushangilia na kushuku kwa pumzi moja.

Pengine msomaji atauliza: je, basi tuzike? Wenye kusema kwamba Mkenya amesahau kushangilia, na wawe waangalifu. Mnamo Agosti 2025 michuano ya CHAN ilipofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, Kasarani ilijaa. Harambee Stars iliishinda DR Congo 1-0, ikatoka sare na Angola 1-1, ikaishinda Morocco 1-0 na Zambia 1-0, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Wachezaji hao hawakutoka Manchester. Kanuni za CHAN huruhusu tu wanaocheza katika ligi za nchi zao, yaani ni vijana walewale wanaosakata gozi mbele ya majukwaa matupu wiki baada ya wiki! Mechi zilichezwa kwa saa zilizotangazwa mapema, katika uwanja unaojulikana, kwa tiketi za bei nafuu. Familia zilikuja. Sauti ikarudi kana kwamba haijawahi kuondoka.

Lakini hata hapo ugonjwa wetu wa zamani ulijitokeza. Watu walivamia malango bila tiketi, na shirikisho la Afrika, CAF, likaamuru idadi ya mashabiki wa Kasarani ipunguzwe. Tumeonyeshwa mambo mawili kwa mpigo: sauti ipo, na lango bado ni bovu.

Nisingeandika haya yote kama si insha moja. Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya kuandika juu ya mechi wasiyoweza kuisahau. Nilizisahihisha zile insha usiku kucha. Karibu zote zilikuwa za Uingereza na Hispania. Vijana ambao hawajawahi kuvuka mpaka wa kaunti yao waliandika juu ya mvua ya Manchester. Kiswahili chao kilikuwa kizuri, sikatai. Insha moja tu ilikuwa ya hapa kwetu, nayo iliandikwa na msichana ambaye mamaye huuza njugu nje ya uwanja wa mji wetu. Aliandika kwamba hajawahi kuingia ndani, kwa kuwa kazi yake ni kumsaidia mama kufunga njugu katika karatasi. Mechi aliisikiliza kutoka nje. Alipokuwa mdogo, akaandika, mama yake aliweza kujua kwa kelele za ndani kama njugu zingekwisha au zisingekwisha. Siku hizi kelele hazitoshi kujua lolote, na kikapu hurudi nyumbani kikiwa nusu. Mechi asiyoisahau ni ile ambayo kikapu kilikwisha kabla ya mapumziko, naye akapata sare mpya ya shule.

Nilimpa alama za juu, kisha nikaona haya. Mimi nilikuwa nikililia ngoma na nyimbo, yaani kumbukumbu zangu. Yeye alikuwa akihesabu njugu. Sauti ya uwanjani ni chakula cha mtu. Ni njugu, ni mahindi ya kuchoma, ni nauli ya matatu, ni fulana inayoshonwa mtaani, ni kijana wa miaka 19 anayepata moyo wa kukimbia dakika za mwisho kwa sababu kuna anayelitaja jina lake. Pesa tunazozipeleka katika ukumbi wa video hupita juu ya kichwa cha yule mama, zikaenda zake ng'ambo. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tufanyeje basi? Shirikisho na serikali wana kazi yao, nayo inajulikana: malango yenye utaratibu, tiketi zisizoghushiwa, ratiba isiyobadilika, adhabu kwa mrusha mawe badala ya adhabu kwa klabu nzima, na njia ya kuziwezesha klabu za wananchi kulipa mishahara. Mwaka wa 2024 tulianza kujenga uwanja mpya wa watu 60,000 kando ya Barabara ya Ngong, kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027 ambalo tumekabidhiwa pamoja na Tanzania na Uganda. Ni jambo jema. Lakini saruji haiimbi. Tusipokuwa na watu wa kuujaza baada ya wageni kwenda zao, tutakuwa tumejenga ukimya mkubwa zaidi.

Kazi iliyobaki ni yetu, walimu na wanafunzi. Nendeni katika mashindano ya shule za upili muone. Huko sauti haijafa hata kidogo. Wanafunzi huimba tangu wanaposhuka basini, hutunga nyimbo papo hapo, hupiga ndoo na madebe kwa kukosa ngoma, na asiyejua kucheza hujua kushangilia. Kisha wanamaliza kidato cha nne, na sauti hiyo inaishia ukumbini mbele ya kioo, ambako wanayemwimbia hawasikii. Kuna daraja lililovunjika kati ya uwanja wa shule na uwanja wa mji. Sisi tuliolivuka zamani tukishikwa mkono na wageni ndio tunaopaswa kulitengeneza.

Nimewaandikia wazazi barua. Mwezi ujao, wakikubali, nitawapeleka wanafunzi wangu katika mechi ya ligi, hapa hapa mjini. Nimemwona msimamizi wa uwanja, akanionyesha jukwaa lililo mbali na makundi yanayozozana na lango tutakalolitumia. Tutaondoka na walimu wanne, na tutaketi pamoja. Sitasema kwamba siogopi. Ninapotia sahihi barua hizo namkumbuka yule mama zahanatini, na kila jina la mtoto naliandika mara mbili katika daftari langu.

Wazazi kumi na wanane wameshajibu. Kumi na wanne wamekubali, wanne wamekataa, nami siwalaumu. Yule msichana wa njugu alileta jibu la kwanza kabisa. Mama yake ametia sahihi, na chini yake ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba binti aingie ndani siku hiyo, yeye atazifunga njugu peke yake.